Maji ya Mlima Meru na meno ya watoto wetu

Kijana wa umri wa miaka kama kumi na mmoja alisimama mbele ya wenzake katika madrasa moja iliyopo upande wa mashariki wa Mlima Meru, akaanza kusoma sura aliyokuwa ameihifadhi. Sauti yake ilikuwa nzuri na matamshi yake yametulia. Jambo moja tu lilitushangaza sisi wageni. Kila alipofikia neno linalotaka mdomo ufunguke vizuri, mkono wake wa kulia ulipanda taratibu ukaja kusimama mbele ya midomo, kama mtu anayezuia mwayo. Ustadhi wake hakumkemea. Baada ya kisomo alitusogelea akasema kwa sauti ya chini, "Wengi wao husoma hivyo. Wanaficha meno."

Ndugu msomaji, wewe uishiye Arusha unayajua meno hayo. Ni meno yenye mabaka ya rangi ya kahawia, mengine meusi kabisa, mengine yamelika kingo mithili ya udongo uliomomonyoka. Mtu wa Tanga au Dodoma akimwona mwenye meno hayo husema bila kuuliza, "Huyu ametoka Arusha." Husemwa kwa mzaha, lakini aliyesemwa hacheki sana, kwani akicheka ataonekana. Wapo wasichana waliokosa raha ya kutabasamu siku ya nikaha yao. Wapo vijana waliodhaniwa kuwa wavuta sigara, ilhali hawajaigusa hata moja, na wapo wazazi waliowachapa watoto wao kwa kudhani kwamba hawapigi mswaki.

Mswaki hauna hatia katika jambo hili, na mtoto naye hana. Sababu imo ndani ya kata ya maji, na asili yake ni mlima wenyewe.

Tuutazame basi mlima huo. Meru una urefu wa mita 4,566, wa pili nchini mwetu baada ya Kilimanjaro. Mkazi wa mjini aliyeuzoea, akiwa Kijenge au Sanawari, huuona kama pia iliyosimama wima, akadhani kwamba umekamilika pande zote. Akizunguka hadi Momella atastaajabu. Upande wote wa mashariki haupo! Takriban miaka elfu 8 iliyopita ubavu huo ulianguka kwa mkupuo, ukamwaga mawe, majivu na tope hadi mbali kwenye nyanda za chini kuelekea Kilimanjaro. Kilichobaki ni shimo lenye umbo la kwato ya farasi, lenye ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500, na katikati yake kilima cha majivu kilichojijenga baadaye. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ukipita Ngarenanyuki na Momella ni mabonge ya mlima ulioanguka, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde baina ya mabonge hayo. Mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910, Wajerumani wakiwa watawala. Tangu hapo umelala.

Volkano si zote sawa. Miamba ya Meru, kama ile ya volkano nyingi za Bonde la Ufa, ina chumvichumvi nyingi za sodiamu na ina madini yaitwayo floraidi kwa wingi usio wa kawaida. Mvua inaponyesha juu ya mlima huwa safi. Ikiingia ardhini huanza safari ndefu kupitia nyufa za miamba na matabaka ya majivu, na kadiri inavyokaa humo ndivyo inavyoyeyusha floraidi na kuichukua. Kwingineko duniani maji huwa na kalsiamu ya kutosha, na kalsiamu ikikutana na floraidi hushikamana nayo, zikatuama pamoja kama jiwe. Maji ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kwa hiyo hakuna wa kuishika floraidi njiani, nayo hufika hadi kwenye ndoo ya mama.

Hapo ndipo inapoonekana hekima ya kutambua kwamba maji ya mlima mmoja hayalingani. Chemchemi za juu, karibu na msitu, ambako maji yametoka kunyesha jana na juzi, aghalabu huwa na floraidi kidogo. Kadiri unavyoshuka, na hasa ukielekea mashariki na kaskazini kwenye masalia ya lile anguko kuu, kipimo kinapanda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mto wa Maji ya Chai hupita miligramu 10, na ule wa Ngarenanyuki huzidi hapo. Maziwa ya Momella, ambayo hayana mto unaotoka na ambayo jua huyakausha mwaka mzima, hufikia mamia ya miligramu. Maji hayo hayanyweki, lakini heroe huyapenda, na watalii huwafuata heroe.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho. Maji ya Chai wakayaita hivyo kwa rangi yake. Ngarenanyuki, kwa lugha ya Wamasai, ni maji mekundu. Ngarenaro, mto unaopita katikati ya jiji la Arusha na kulipa jina lake eneo zima, ni maji meusi. Hayo majina ni onyo lililoandikwa juu ya ardhi, ingawa tusiharakishe kusema kwamba rangi ndiyo floraidi. Floraidi yenyewe haina rangi, haina harufu, wala haina ladha ambayo ulimi wa kawaida unaweza kuitambua. Yapo maji meupe kama kioo yenye kipimo kibaya. Ndiyo maana macho ya wazee, pamoja na ukali wake, hayatoshi leo.

Nilimuuliza bibi mmoja wa huko kama ujanani mwake meno yalikuwa hivi. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, sisi tulikaa juu," alisema, akinyoosha mkono kuelekea kwenye migomba. "Huku chini tulileta ng'ombe tu. Watu wamekuja kukaa huku baadaye."

Kauli ya bibi huyo ina historia nzima ndani yake. Kwa vizazi vingi Wameru na Waarusha waliishi kwenye miteremko ya juu ya kusini na kusini-mashariki, upande unaopokea pepo zenye mvua kutoka Bahari ya Hindi. Walichimba mifereji kutoka kwenye vijito wakamwagilia migomba, na baadaye kahawa, na walikunywa maji yaliyo karibu na chanzo chake. Kaskazini mwa mlima, kuelekea Oldonyo Sambu, mvua ni chache, na huko palikuwa pa malisho. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, msitu wa juu ukawekewa mpaka na kuwa hifadhi, na ardhi ya chini ikagawiwa kwa walowezi wenye mashamba makubwa. Wananchi wakabaki wamebanwa kati ya msitu na mashamba hayo, huku wakiongezeka. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ikaongeza msumari juu ya kidonda kwa kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda kulifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Kesi hiyo husimuliwa kama habari ya siasa, na ni kweli ilikuwa siasa, lakini pia ni habari ya mlima ulioishiwa nafasi.

Uhuru ulipokuja, watu waliendelea kushuka na kuzunguka. Hawakuwa na njia nyingine, kwani shamba la baba likigawanywa kwa wana sita haliwatoshi. Basi kizazi baada ya kizazi familia zilihama kutoka kwenye maji mazuri kwenda kwenye maji mabaya, bila mtu kuwaambia kwamba wanabadilisha maji. Waliona wanabadilisha shamba tu. Katika mambo yote niliyoyasikia katika safari hii, hili ndilo lililonigusa zaidi. Madini yamekuwemo mlimani tangu zamani, na sisi ndio tuliohamia kwenye maji yake.

Tena tumeyavuta madini hayo karibu zaidi kwa njia nyingine. Msitu wa Meru, ukiwa mzima, hupokea mvua, huivunja kasi na kuiachia ardhi iinywe polepole, na ardhi nayo hutoa chemchemi kiangazi. Sehemu ya msitu huo ilikatwa zamani na kupandwa misonobari na misindano kwa ajili ya mbao. Sehemu nyingine huumizwa na moto na wakata kuni. Palipobaki wazi mvua hukimbia juu ya ardhi, hujaa makorongo kwa saa chache, kisha huondoka na udongo wetu kwenda Kikuletwa, Nyumba ya Mungu na mto Pangani hadi baharini. Mwaka 1960 ilianzishwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967, mlima ulipoongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hilo limesaidia kuhifadhi sehemu kubwa ya juu. Lakini hifadhi hailindi kingo za mito inapoingia vijijini na mjini.

Na mji wenyewe, je? Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900 lilikuwa na kijiji kidogo pembeni yake. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta jiji la Arusha na watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikalikuta na watu 617,631. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu laki mbili katika miaka kumi. Watu hao wote wanataka maji, nazo chemchemi za juu haziongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Tukachimba visima virefu. Kisima kirefu kina sifa moja na aibu moja. Sifa yake ni kwamba maji yake aghalabu hayana vijidudu, kwani yamechujwa na ardhi. Aibu yake ni kwamba yamekaa miambani muda mrefu, na kukaa huko ndiko kunakoyajaza floraidi. Maji ya juu nayo yana floraidi kidogo lakini hayana pa kujificha. Tazama Themi, Naura na Ngarenaro zinavyopita mjini zikibeba taka za masoko, sabuni za magari yanayooshwa kingoni na yanayotoka vyooni. Tumeyachafua maji yaliyokuwa mazuri, kisha tukachimba chini kuyafuata yale ambayo tungeyaacha yalale. Wasomao Suratul Mulk kila usiku kabla ya kulala wanalijua swali ambalo sura hiyo inaishia nalo, nalo linahusu maji yanayodidimia ardhini.

Sasa tuyaangalie madhara yenyewe, maana wazazi wengi wanadhani kwamba ni suala la urembo. Floraidi kidogo sana huimarisha meno, ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno. Ikizidi, hugeuka. Inapenda mno kalsiamu, na katika mwili wa mwanadamu kalsiamu imo kwenye meno na mifupa. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi afikapo miaka minane hivi. Katika miaka hiyo floraidi nyingi huharibu ganda gumu la jino likiwa bado halijatoka, nalo likitoka huwa limekwisha haribika. Baada ya umri huo jino likishakamilika halipati tena mabaka hayo. Kwa maneno mengine, mtu mzima aliyehamia Usa River akiwa na miaka thelathini atabaki na meno yake meupe na kudhani maji ni salama, huku mwanawe aliyezaliwa hapo akiharibika mbele ya macho yake.

Mifupa nayo haina umri wa kusamehewa. Mahali ambapo kipimo kiko juu sana, wapo watoto waliopinda miguu, matege ambayo hayatokani na lishe peke yake, na wapo watu wazima ambao baada ya miaka mingi viungo vyao hukaza, mgongo ukakataa kuinama. Mzee asiyeweza tena kurukuu, akaswali ameketi, huenda asijue kwamba kilichomkalisha ni maji aliyoyanywa maisha yake yote.

Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini. Tusiwalaumu kwa haraka waliopanga hivyo, kwani hesabu yao ilikuwa kwamba kufunga kisima chenye floraidi ni kumrudisha mama kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, kisha kikafikishwa kwenye 1.5 ya kimataifa. Kwa upande wa jiji, umetekelezwa mradi mkubwa uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 500, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliokusudiwa kuongeza uzalishaji hadi lita milioni 200 kwa siku, kwa kutumia pia visima vilivyochimbwa upande wa Wilaya ya Hai ambako maji ni bora zaidi. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini bomba la jiji halifiki kila kitongoji cha mashariki na kaskazini mwa mlima, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuambiwa asubiri awamu ijayo.

Kwa hiyo turudi nyumbani, jikoni.

Kosa la kwanza ambalo nimelikuta karibu kila nyumba ni imani kwamba maji yakichemshwa yamekwisha kuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini floraidi haifi kwa moto. Mvuke ukiondoka floraidi inabaki, na maji yaliyobaki sufuriani huwa na floraidi nyingi zaidi kuliko yalivyoingia. Vidonge na dawa za kutakasa maji nazo haziigusi. Kuyaacha maji yatuame usiku kucha huondoa tope tu.

Kosa la pili ni magadi. Akina mama wa kwetu hutia magadi katika makande na maharage ili yaive haraka, na kuni zinapokuwa ghali magadi huonekana kama rehema. Lakini magadi yanayochotwa kwenye maziwa na nyanda za Bonde la Ufa huwa yamebeba floraidi ile ile, iliyokusanywa na jua. Nyumba inayokunywa maji mazuri inaweza kujipatia ugonjwa kwa chungu cha maharage. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, kwa hiyo chai kali anayopewa mtoto mdogo asubuhi na jioni ni nyongeza juu ya nyongeza. Na mtoto asiachiwe kumeza dawa ya meno.

Liko jambo moja la faraja kubwa ambalo halisemwi vya kutosha kliniki wala misikitini. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa kuwa mwili wake huizuia isipite. Mtoto anyonyaye amekingwa. Mtoto anayepewa maziwa ya kopo au uji mwepesi uliokorogwa kwa maji ya kisima tangu akiwa na miezi miwili hana kinga hiyo. Sisi ambao Kitabu chetu kimetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji, tuna sababu ya ziada ya kutoikatiza. Na akina baba wanaomharakisha mke arudi sokoni wakati mtoto ana miezi mitatu walifikirie hili.

Vipi kuhusu kuyasafisha maji? Njia iliyojaribiwa zaidi katika eneo letu ni mkaa wa mifupa. Huko Ngurdoto, karibu na Usa River, kipo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichoshughulika na jambo hili kwa miaka mingi, na wenzetu wa Nakuru nchini Kenya, ambako maji yana tatizo hilo hilo, wameitumia njia hiyo katika vichujio vya majumbani na vya shule. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi na hewa kidogo, hadi ibaki mikavu na myeusi, kisha husagwa na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba. Maji yakipita, floraidi hunaswa na kalsiamu ya mfupa. Kile kile kinachomdhuru mtoto ndani ya mwili wake, yaani mfupa kuivuta floraidi, hapa kinageuzwa kuwa tiba nje ya mwili. Mifupa ikichomwa kupita kiasi huwa myeupe na kupoteza nguvu, na ikichomwa pungufu maji hutoa harufu mbaya. Tena mkaa huo huchoka baada ya miezi kadhaa na hauna budi kubadilishwa. Hapo ndipo nyumba nyingi huanguka, kwani ndoo hubaki, mkaa umechoka, na watu wanaendelea kunywa kwa imani.

Swali la Muislamu hapa ni la haki, nami nilikuta watu wamevikataa vichujio hivyo kwa sababu yake. Mifupa ya mnyama gani? Amechinjwa na nani? Mwandishi wa makala haya si mufti, lakini masheikh niliowauliza walinieleza hivi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mfupa wa mzoga ni najisi na kuuchoma hakuutoharishi. Kwa Mahanafi, mfupa wa mzoga usio na mafuta si najisi, isipokuwa wa nguruwe, na kitu kikigeuka dhati yake hukumu nayo hugeuka. Wote, hata hivyo, wanakubaliana kwamba mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa kisheria hauna tatizo. Basi njia fupi ya kutoka katika hitilafu ni kuupata mfupa mahali panapojulikana. Katika machinjio mengi ya miji yetu mchinjaji ni Muislamu. Mifupa hujaa huko na mingi hutupwa. Vijana wa msikiti mmoja wangeweza kuikusanya kutoka machinjioni, wakaipeleka ichomwe kwa utaalamu, na kila nyumba ikajua ndoo yake ina nini. Sijaona popote jambo hilo likifanywa, na sielewi kwa nini.

Wapo pia wanaotafuta njia nyingine. Katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Tengeru, Dakta Askwar Hilonga alibuni kichujio cha mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwamo. Mwaka 2015 kilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Ni fahari kwetu kwamba mvumbuzi alikuwa chini ya mlima ule ule wenye tatizo.

Lakini kwa aliye na bati juu ya nyumba yake, jibu rahisi zaidi linashuka kutoka mbinguni mara mbili kwa mwaka. Maji ya mvua hayajapita mwambani, kwa hiyo floraidi yake ni kidogo mno. Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 48,000. Toa humusi moja inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 38,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, inahitaji lita 30 kwa siku, yaani kama lita 11,000 kwa mwaka. Hata penye nusu ya mvua hiyo maji yanatosha na kubaki. Kinachopungua ni chombo cha kuyahifadhi. Kiangazi cha baina ya masika na vuli ni kama siku 150, ambazo kwa familia hiyo ni lita 4,500. Tangi moja la lita 5,000, lenye kifuniko na wavu wa kuzuia mbu, linavusha kiangazi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati kwanza. Na kwa kuwa maji hayo hayana kinga dhidi ya kinyesi cha ndege, yachemshwe. Hapo kuchemsha kunafaa.

Si kila kazi inataka maji hayo. Kuoga, kufua na kutawadha kunaweza kufanywa kwa maji ya kisima au ya mto. Anayesukutua katika udhu huyatema, hayamezi. Na anayeuliza kama Maji ya Chai yanafaa kwa udhu kwa kuwa yana rangi, masheikh walijibu kwamba maji yaliyobadilika kwa sababu ya ardhi yanayopitia yanabaki kuwa tohara na yanatoharisha. Kwa hiyo nyumba iwe na vyombo viwili, kimoja cha tumbo na kimoja cha kazi nyingine zote, na watoto wafundishwe kuvitofautisha.

Kabla hatujaondoka kwenye ile madrasa tuliuzungukia msikiti wake pamoja na ustadhi. Alipima paa kwa hatua zake, akapata kama mita 20 kwa 15. Tuliandika hesabu kwenye ubao wa mbao wa watoto. Mita za mraba 300, lita 240,000 kwa mwaka penye mvua ya kawaida, na baada ya kutoa kinachopotea, maji ya kunywa na kupikia ya familia 17. Tangi la kuzivusha familia hizo kiangazi lingehitaji kubeba lita 76,500, jambo linalotaka saruji, nondo na mafundi, si ndoo. Ustadhi alinyamaza akiutazama ubao. Kisha akauliza bei ya mfuko wa saruji mjini wiki hiyo.

Yule kijana alikuwa bado yupo, akiwa amembeba mgongoni mdogo wake wa kike, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, mwenye meno manne ya mbele, meupe kama mchele.